Donald Smith: mzee wa kofia nyingi na msumari wa mwisho

Kila ninapopata kundi jipya la watunza nyaraka wa kufundisha, naanza na picha moja. Imepigwa Kanada asubuhi ya tarehe 7 Novemba 1885, mahali paitwapo Craigellachie, kwenye milima ya British Columbia. Mzee mwenye ndevu nyeupe na kofia ndefu nyeusi ameinama, kashika nyundo, anapigilia msumari wa mwisho kwenye taruma la reli ya kuvuka Kanada. Nyuma yake wamesongamana wanaume wa makoti mazito, wengi wamekunja nyuso kwa baridi. Ukichungulia karibu na bega la mzee utaona uso wa kijana asiye na ndevu, amejipenyeza mbele kama mtoto anayetaka aonekane kwenye picha ya harusi. Huyo ni Edward Mallandaine, mwenye umri wa miaka 18. Alikuwa amekwenda magharibi akitamani kupigana vita, akachelewa, akaishia kubeba barua na mizigo kwenye kambi za reli. Hakualikwa. Alijiingiza.

Nikishaiweka picha ukutani nawauliza wanafunzi: nani hayupo hapa? Swali hilo mara nyingi halijibiwi upesi, kwa sababu macho ya wote yako kwa mzee. Wanataka kwanza kujua yeye ni nani. Basi tuanze naye.

Anaitwa Donald Alexander Smith. Alizaliwa tarehe 6 Agosti 1820 katika mji mdogo wa Forres, kaskazini mwa Uskoti. Mjomba wake, John Stuart, alikuwa mfanyabiashara wa ngozi Amerika Kaskazini, na kwa mgongo wa mjomba kijana akapata ajira Kampuni ya Hudson's Bay mwaka 1838. Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 1670 kwa hati ya mfalme wa Uingereza. Ilinunua ngozi za wanyama kutoka kwa wenyeji, hasa ngozi za biva, mnyama wa mtoni mwenye manyoya mazito, zilizotengenezewa kofia za mabwana wa Ulaya, na ilitawala nchi pana kuliko mataifa mengi. Smith aliajiriwa kama karani mwanagenzi kwa pauni 20 kwa mwaka. Kazi yake ya kwanza, huko Lachine karibu na Montreal, ilikuwa kuhesabu ngozi za panya-maji. Mtu atakayekuja kuwa gavana wa kampuni nzima alianza kwa kuhesabu ngozi za panya.

Hakupendwa na mkuu wake, George Simpson, bwana mkali aliyeiendesha kampuni kama jumbe na shamba lake. Mwaka 1847 Smith aliacha kituo chake na kwenda Montreal kutibiwa macho, akilalamika kwamba theluji inampofusha. Simpson alimkaripia kwa kutoka kazini bila ruhusa, na hatimaye akapelekwa Labrador, pwani ya kaskazini-mashariki ambako meli ilifika kwa nadra na barua zilichukua miezi. Alikaa huko takriban miaka 20. Wengine wangeoza. Yeye alilima mboga mahali ambapo watu waliamini mboga hazioti, akafuga ng'ombe, kondoo na kuku, akaanza kuuza samaki aina ya samoni na mafuta ya sili badala ya kutegemea ngozi peke yake.

Labrador ndiko pia alikompata Isabella Hardisty, binti wa ofisa wa kampuni, mwenye damu ya kizungu na ya wenyeji. Walioana mwaka 1853 kwa kile walichokiita desturi ya nchi, bila kasisi. Isabella alikuwa ameshawahi kuishi na mume mwingine na alikuwa na mtoto wa kiume. Ndoa za namna hiyo zilikuwa jambo la kawaida huko porini, lakini Smith alipopanda ngazi na kuanza kuwakaribisha mabwana na mabibi wa Montreal na London, minong'ono ilimwandama mkewe mpaka uzeeni. Wakafunga ndoa tena rasmi wakiwa wazee, wana wajukuu. Kwa namna yoyote utakayomhukumu mzee huyu, hilo limwekee alama: maofisa wengi wa enzi yake waliwatelekeza wake wa aina hiyo walipopata vyeo. Yeye hakumtelekeza.

Sasa tuje kwenye fedha, maana hapa ndipo mtu huyu anapoanza kueleweka. Ofisa wa kampuni aliyekaa porini alilipwa mshahara, lakini angeutumia wapi? Benki ilikuwa mwendo wa wiki nyingi. Smith akawaambia wenzake: nipeni akiba zenu nizitunze, nitawalipa faida ya asilimia 3 kwa mwaka, lolote litokee. Wakampa. Yeye akazikusanya zile akiba ndogondogo na kununua hisa, zikiwemo za Benki ya Montreal, zilizolipa gawio kubwa kuliko asilimia 3. Tofauti ilikuwa yake. Hakuiba hata senti. Kila aliyeahidiwa alilipwa. Lakini kwa fedha za wenzake alijikuta na sauti ndani ya benki kubwa ya nchi, na mwaka 1872 akawa mmoja wa wakurugenzi wake.

Huo ndio mtindo wake wa maisha yote: kukaa katikati ya pande mbili na kuaminiwa na zote. Kwetu tunasema mtu amevaa kofia mbili. Smith alivaa tatu, mara nyingine nne, na sikumbuki nyaraka yoyote inayoonyesha kwamba zilimsumbua kichwani.

Mwaka 1869 Kampuni ya Hudson's Bay ilikubali kuiuzia Kanada eneo lake kubwa la magharibi kwa pauni 300,000. Kampuni ilibakiza sehemu moja kati ya 20 ya ardhi yenye rutuba. Watu waliokuwa wakiishi kwenye ardhi hiyo hawakuulizwa. Huko Red River, ilipo Winnipeg ya leo, Wametis, watu wa asili mchanganyiko ya wenyeji na wazungu, wengi wao wasemaji wa Kifaransa, walikataa kuuzwa kama magunia ya pumba. Wakiongozwa na kijana msomi Louis Riel, waliizuia serikali mpya isiingie na kuiteka ngome ya Fort Garry. Waziri mkuu John A. Macdonald akahitaji mtu wa kutuma, akamchagua Smith. Kwa hiyo mjumbe wa mnunuzi alikuwa mwajiriwa wa muuzaji.

Smith alifika mwishoni mwa Desemba 1869, na hapo akaonyesha akili yake. Barua zake za uteuzi hakuingia nazo. Aliziacha Pembina, mpakani na Marekani, ili Riel asiweze kuzinyang'anya, na baadaye shemeji yake, Richard Hardisty, akaenda kuzichukua. Tarehe 19 na 20 Januari 1870 uliitishwa mkutano wa hadhara. Watu walikuwa zaidi ya elfu moja na hapakuwa na jengo la kuwatosha, wakasimama nje kwenye baridi iliyoshuka zaidi ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Smith alisoma barua za serikali kwa Kiingereza, saa baada ya saa. Na nani aliyemtafsiria kwa Kifaransa? Riel mwenyewe. Mpinzani alisimama kando ya mjumbe, akitoa pumzi iliyoganda hewani, akiwaeleza watu wake maneno ya serikali aliyoipinga. Katika historia yote ya siasa za Kanada sijui tukio linalonivutia zaidi ya hilo.

Mkutano ulizaa wajumbe waliokwenda Ottawa, na mwaka huohuo jimbo la Manitoba likazaliwa. Ila hadithi haikuwa safi. Smith alikuwa pia amepewa ruhusa ya kutumia fedha kuwavuta watu wamwache Riel, na alizitumia. Tarehe 4 Machi 1870 watu wa Riel walimpiga risasi mfungwa mmoja, Thomas Scott, ingawa Smith alikwenda kumwombea. Kifo hicho kilimfukuza Riel nchini na kumfungulia Smith mlango wa siasa. Kabla mwaka haujaisha alikuwa ndani ya bunge la Manitoba, na mwaka 1871 akawa pia mbunge wa Selkirk katika bunge la taifa. Wakati huo sheria iliruhusu kukaa mabunge yote mawili.

Huku akiwa mbunge aliendelea kuitumikia kampuni. Maofisa wenzake wa porini walidai sehemu yao ya fedha za mauzo ya ardhi, wakamtuma London awasemee. Alirudi na pauni 107,055 za kugawana, na wao wakaacha madai yao juu ya faida ya ardhi ya siku za usoni. Ardhi hiyo ilikuja kupanda thamani sana. Smith akawa kamishna wa ardhi wa kampuni, baadaye akanunua hisa zake kwa wingi, na mwaka 1889 akawa gavana. Wale wenzake wa akiba za asilimia 3 wengi walizeeka wakihisi waliuzwa. Mikataba niliyoisoma haionyeshi wizi. Inaonyesha mtu aliyejua thamani ya kitu mapema kuliko wale aliowasemea.

Mwaka 1873 jina lake likajulikana nchi nzima. Macdonald alikuwa ameahidi reli ya kuvuka bara hadi Pasifiki, na ikagundulika kwamba tajiri wa meli wa Montreal, Hugh Allan, aliyetaka mkataba huo, alikuwa amekimwagia chama tawala takriban dola 350,000 kwa uchaguzi wa 1872. Telegramu ya Macdonald ya kuomba 10,000 nyingine ilichapishwa magazetini. Bungeni kura zilikuwa zimekaribiana, na Smith alikuwa upande wa serikali. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Novemba alisimama, akazungumza kwa upole, wabunge wa serikali wakadhani amewaokoa, wakaanza kushangilia. Kisha akasema kwamba kwa heshima ya nchi hawezi kuunga mkono serikali yenye kivuli cha shutuma kama hizo. Macdonald alijiuzulu siku hiyohiyo.

Ingekuwa vizuri kuishia hapo na kumwita shujaa wa maadili. Lakini miaka mitano baadaye Smith yuleyule alisimama bungeni kutetea muswada wa kukodisha reli ya tawi la Pembina, iliyokuwa iunganishwe na reli moja iliyofilisika ya Minnesota, Marekani. Yeye, binamu yake George Stephen, na wafanyabiashara James J. Hill na Norman Kittson walikuwa wakiinunua reli hiyo kwa kuchukua hatifungani zake kutoka kwa Waholanzi kwa bei ya kutupa. Mkopo ulitoka Benki ya Montreal. Rais wa benki alikuwa Stephen. Smith alikuwa mkurugenzi. Bungeni alikwepa kueleza maslahi yake. Mwezi Mei 1878 Macdonald alimlipukia hadharani kwamba ni mwongo asiye na mfano, na wabunge wakaanza kushikana makoti huku mjumbe wa gavana mkuu wa Kanada akibisha mlangoni kulifunga bunge. Kumbukumbu za bunge zinasomeka kama tamthilia. Nawashauri wanafunzi wazisome usiku, zinafukuza usingizi.

Ubunge wake wa uchaguzi wa 1878 ulitenguliwa mwaka 1880 kwa sababu ya hongo kwenye kampeni, na uchaguzi wa marudio akaushindwa. Inasimuliwa kwamba karani wake alimjia akilaani: wapiga kura wamekula hela zako na kumpigia mwingine. Mzee akajibu kwa utulivu kwamba karani ameieleza hali sawasawa.

Ile reli iliyofilisika iliwatajirisha wote wanne. Na kwa utajiri huo, pamoja na ujuzi walioupata, kundi hilo ndilo lililopewa mkataba wa reli ya Canadian Pacific. Serikali ilitoa dola milioni 25 na ekari milioni 25 za ardhi. Waziri mkuu alikuwa Macdonald tena. Jina la Smith halikuwekwa mwanzoni kwenye orodha ya wakurugenzi, kwa sababu Macdonald hakutaka kuliona, lakini fedha zake zilikuwemo tangu mwanzo.

Ujenzi ulikula fedha kuliko mtu yeyote alivyokadiria. Njia ilipita kwenye matope yaliyomeza reli nzima kaskazini mwa Ziwa Superior, kisha ikapanda milima ambayo wakati mkataba unasainiwa hapakuwa na uhakika wa pa kupita. Hisa hazikuuzika. Stephen alikwenda London kutafuta mkopo, na alipoupata akampelekea Smith telegramu ya maneno matatu: simama imara, Craigellachie. Craigellachie ni mwamba ulioko kwao Uskoti, na hilo lilikuwa neno la ukoo wa Grant la kuitana vitani. Mtu mwingine angeisoma telegramu hiyo asiambulie kitu. Wawili hao walikuwa wameweka rehani karibu kila walichomiliki.

Kilichowaokoa kabisa kilikuwa vita. Riel alikuwa amerudi mwaka 1884, na mwanzoni mwa 1885 Wametis wakachukua silaha tena, safari hii Saskatchewan. Reli ambayo haijakamilika ikabeba askari kutoka mashariki, ikiwateremsha watembee juu ya barafu palipokuwa na mapengo, kisha kuwapakia tena. Mwaka 1870 jeshi lilichukua miezi mitatu hivi kufika Red River. Safari hii zilikuwa siku chache. Bunge lililokuwa limechoka kuombwa hela likaidhinisha mkopo wa mwisho. Riel alinyongwa Regina tarehe 16 Novemba 1885, siku tisa baada ya Smith kupigilia msumari. Watu wawili waliosimama bega kwa bega kwenye baridi ya 1870 waliishia hivyo, wiki hizohizo.

Turudi kwenye picha. Gavana mkuu, Lord Lansdowne, alikuwa na msumari wa fedha uliotengenezwa kwa ajili yake, lakini ilimbidi arudi Ottawa kabla ya njia kukamilika. Meneja mkuu, William Van Horne, akasema msumari wa chuma unatosha kama mingine yote. Smith alikuwa mkurugenzi mwenye umri mkubwa kati ya waliokuwepo, basi akapewa nyundo. Pigo la kwanza likaenda upande, msumari ukapinda. Ukang'olewa, ukaletwa mwingine, safari hii akaugonga taratibu mpaka ukazama. Van Horne alipoombwa hotuba alisema tu kwamba kazi imefanywa vizuri kwa kila hali.

Na asiyekuwepo pichani? Zaidi ya Wachina 15,000 waliletwa kujenga sehemu ya British Columbia, wengi chini ya mkandarasi Andrew Onderdonk. Walilipwa takriban dola moja kwa siku, chini ya wazungu waliofanya nao kazi, na chakula na vifaa walijinunulia wenyewe. Walipasua miamba ya korongo la Mto Fraser kwa baruti. Mamia walikufa kwa milipuko, kwa kufukiwa, kwa kiseyeye na kwa baridi. Kwenye picha ya Craigellachie hakuna Mchina hata mmoja anayeonekana. Mwaka huohuo, kazi ikielekea ukingoni, bunge lilipitisha kodi ya kichwa ya dola 50 kwa kila Mchina anayeingia nchini, ikapandishwa hadi 100 mwaka 1900, kisha 500 mwaka 1903. Serikali ya Kanada iliomba radhi mwaka 2006.

Kwa msomaji wa Kenya nidokeze jambo dogo hapa. Mwaka mmoja hivi baada ya picha hii, kijana wa Montreal aitwaye Percy Girouard alianza kazi ya uhandisi kwenye hiyo Canadian Pacific. Huyo ndiye aliyekuja kuwa gavana wa Himaya ya Afrika Mashariki kuanzia 1909 hadi 1912.

Miaka iliyobaki ya Smith ni orodha ndefu ya vyeo, nami sitaichosha karatasi. Alikuwa rais wa Benki ya Montreal kuanzia 1887, akarudi bungeni mwaka huohuo kama mbunge wa Montreal Magharibi, na 1896 akatumwa London kuwa Kamishna Mkuu wa Kanada, yaani balozi. Mwaka uliofuata akapewa ulodi, akawa Lord Strathcona. Vita vya Makaburu vilipozuka aligharamia mwenyewe kikosi cha wapanda farasi zaidi ya 500, ambacho jina lake lipo jeshini Kanada mpaka leo. Akiwa na miaka 88 alikubali kuwa mwenyekiti wa kwanza wa kampuni ya mafuta ya Anglo-Persian, iliyochimba Uajemi na ambayo leo inaitwa BP. Wakati wote huo hakuacha ugavana wa Hudson's Bay.

Alitoa pia. Yeye na Stephen walitoa dola 500,000 kila mmoja kujenga Hospitali ya Royal Victoria mjini Montreal. Mwaka 1884 Chuo Kikuu cha McGill kilipofungua milango kwa wanawake, alitoa dola 50,000 za kuanzia, kwa sharti kwamba wafundishwe madarasa yao peke yao. Wasichana wale wakapachikwa jina la Donalda, na wengi walilichukua kwa fahari. Nikiwa na darasa lenye wanawake wengi, sharti hilo huzua ubishi mkubwa kuliko hata ule wa Pembina.

Isabella alifariki Novemba 1913. Mumewe alimfuata tarehe 21 Januari 1914, akiwa na miaka 93. Nafasi ya kuzikwa Westminster Abbey ilikuwepo, lakini alizikwa Highgate, London, kando ya mkewe. Ulodi ulikwenda kwa binti yao wa pekee, Margaret, kwa idhini maalumu aliyokuwa ameiomba mapema, kwani hakuwa na mtoto wa kiume.

Ule msumari uliopinda aliutia mfukoni siku ileile. Vipande vyake vilikatwa na kuwekwa kwenye mapambo ya almasi waliyopewa wake wa baadhi ya wakubwa wa reli. Kilichobaki kilitunzwa na ukoo wake miaka mingi, na sasa kipo makumbusho mjini Ottawa: kipande cha chuma chenye kutu, kimeliwa upande mmoja, kimekunjwa pale pigo la kwanza lilipokosea.